Spika za Kujitengenezea na TV ya Chogo: Kinga Ipi ya Sumaku Inafaa?

Anayejitengenezea spika na kuziweka kando ya TV ya chogo hukutana na tatizo lile lile siku ya kwanza. Kona ya kioo iliyo karibu na spika inageuka zambarau au kijani, uso wa msomaji wa habari unapata rangi ya ajabu, na hata muziki ukizimwa doa halitoki. Hapo maelezo huanza kumiminika. Mmoja anasema ni mtetemo wa besi. Mwingine anasema ni umeme wa amplifaya unaovuja. Wa tatu anahukumu kwamba tyubu ya TV imechoka. Ushauri nao hauna idadi: zungushia boksi karatasi ya alumini, ongeza unene wa mbao, tandika bati ndani, gandisha sumaku nyingine nyuma ya spika, zisogeze mbali, au nunua TV bapa usahau habari hiyo.

Ushauri huo una ukweli na upotoshaji ndani yake, na kinachovuruga watu zaidi ni kwamba njia moja inaweza kuleta matokeo mawili yanayopingana. Aliyegandisha sumaku ya pili kwa upande sahihi atasifu njia hiyo. Aliyeigandisha kinyume ataapa kwamba doa liliongezeka. Wote wawili wanasema kweli.

Suala lenyewe bado li hai. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015, lakini TV za chogo hazikuondoka sebuleni. King'amuzi kiliunganishwa kwa nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na manjano, na TV ile ile ikaendelea kutazamwa. Wapo pia wapenzi wa michezo ya zamani ya video, ndani na nje ya Afrika Mashariki, wanaozitafuta TV hizi makusudi kwa sababu michezo hiyo ilitengenezwa kwa kioo cha aina hiyo.

Kinachotokea ndani ya kioo

Picha ya TV ya chogo huchorwa na miale ya elektroni inayotoka kwenye shingo ya tyubu na kupiga rangi zilizopakwa nyuma ya kioo. TV ya rangi ina miale mitatu, kila mmoja kwa rangi yake: nyekundu, kijani na bluu. Karibu na kioo kuna bamba jembamba la chuma lenye matundu mengi mno, na kazi yake ni kuhakikisha mwale wa nyekundu unafika kwenye nyekundu peke yake. Nafasi kati ya nukta moja na nyingine ya rangi hiyo hiyo haifiki hata milimita moja. Kwa hiyo mwale ukipinda kidogo tu, utaangukia rangi ya jirani.

Na elektroni hupindishwa na sumaku. Ndiyo kanuni inayoendesha TV yenyewe, maana koili zilizo shingoni mwa tyubu ndizo zinazouswaga mwale kulia na kushoto, juu na chini. Spika ikiwekwa karibu, sumaku yake inaingilia kazi hiyo. TV za zamani za rangi nyeusi na nyeupe hazina bamba la matundu, ndiyo maana kwao picha huvutika au kupinda bila kutoa doa la rangi.

Kuna madhara ya aina mbili, na kuyachanganya ndiko kunakoleta kauli ya "tyubu imekufa". La kwanza hutokea spika ikiwa pale pale, na hutoweka ikiondolewa. La pili ni la bamba lenyewe kushika usumaku, hivyo doa likabaki hata spika ikiwa chumba kingine. Watengenezaji walilijua hili, wakazungushia tyubu koili ya kuondoa usumaku. Ule mvumo mfupi unaosikika TV ikiwashwa ni koili hiyo ikifanya kazi kwa sekunde chache. Lakini haifanyi kazi tena mpaka kifaa kinachoidhibiti kipoe, kwa hiyo kuzima na kuwasha mara kumi mfululizo hakusaidii. Izime kabisa, isubiri nusu saa hivi, kisha iwashe. Ikibidi rudia. Doa lililogoma huhitaji koili ya mkononi ya fundi, anayeizungusha mbele ya kioo na kurudi nyuma polepole kabla ya kuizima. Sumaku kali mno ikigusishwa kioo huweza kulipinda bamba lenyewe, na hilo halina dawa.

Tofautisha pia doa na mtikisiko. Picha inayocheza au kutetemeka amplifaya ikiwashwa, na kutulia ikizimwa, haisumbuliwi na sumaku ya spika. Hiyo ni transfoma ya amplifaya, na dawa yake ni kusogeza amplifaya. Sumaku ya spika haijui kama muziki unapigwa au la. Chomoa nyaya zote, doa litabaki pale pale.

Kwa nini spika za siku hizi huvuja

Ndani ya spika, sumaku hutakiwa kupeleka nguvu yake kwenye mwanya mwembamba ambamo koili ya sauti hucheza. Nguvu isiyopita mwanyani hutoka nje, na hiyo ndiyo inayofika kwenye TV. Kiasi cha uvujaji hutegemea sana umbo. Spika nyingi za zamani zilitumia sumaku ya alniko, aloi ya alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Sumaku hiyo ilikaa katikati, ikazungukwa na chungu cha chuma, hivyo ikajikinga yenyewe bila mtu kuipangia.

Mambo yalibadilika kwa sababu ambayo msomaji wa Lubumbashi au Kolwezi ataitambua. Kobalti nyingi ya dunia ilitoka kwenye migodi ya Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba. Vita vya 1977, na hasa vya Mei 1978 vilipoifikia Kolwezi, viliipandisha bei ya kobalti mara kadhaa. Sumaku ya feraiti, nyeusi, nzito na ya bei nafuu, ilikuwa tayari imeenea kwenye spika za kawaida. Sasa hata watengenezaji wakubwa waliokuwa wameng'ang'ania alniko wakahamia huko. Feraiti hufanya kazi vizuri ikiwa pete pana iliyofungwa kati ya pleti mbili za chuma, nayo pete hiyo hukaa nje, wazi, bila chungu. Pete nyeusi unayoiona nyuma ya karibu kila spika inayouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue inavuja pande zote.

Mbao haizuii sumaku hata kidogo, iwe na unene wa milimita 9 au 25. Alumini na shaba nazo haziizuii. Karatasi ya alumini inaweza kuzuia mawimbi ya redio, na pengine hapo ndipo ushauri huo ulipozaliwa, lakini uga wa sumaku tuli unaipita kana kwamba haipo. Chuma kisichoshika kutu cha aina inayotumika zaidi kwenye sinki na sufuria kina kasoro hiyo hiyo. Kipimo ni kimoja tu: kama sumaku hainati, hicho si kinga.

Umbali: kinga isiyouzwa

Uga wa sumaku ya spika hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali, kwa kanuni ya mchemraba wa umbali. Ukiuzidisha umbali mara mbili, nguvu inayofika inabaki moja ya nane. Spika iliyokuwa sentimita 25 kutoka kwenye kioo ikisogezwa hadi 50, sehemu saba kati ya nane za tatizo zimeondoka bila gharama. Na stirio yenyewe inapenda nafasi. Spika mbili zilizobanana na TV hutoa sauti iliyosongamana katikati.

Mwelekeo nao una uzito. Kwa umbali ule ule, nguvu ya sumaku kwenye mstari unaopita katikati ya koni na kutokea nyuma ni takriban mara mbili ya ile ya ubavuni. Spika zinazomtazama msikilizaji zimeipa TV ubavu, na hiyo ni bahati. Kibaya zaidi ni sabufa inayopiga chini huku TV imewekwa juu ya boksi lake, jambo linaloonekana katika nyumba nyingi zenye nafasi ndogo. Hapo mstari wenye nguvu unaelekea moja kwa moja kwenye tyubu, na sumaku ya sabufa ndiyo kubwa kuliko zote.

Udhaifu wa njia hii uko wazi. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kitanda, kabati na meza ya TV hakina sentimita 50 za ziada kila upande. Na spika ya kati ya muziki wa sinema, ile inayobeba maongezi, kazi yake ni kukaa juu au chini ya kioo. Ukiisogeza, sauti ya mwigizaji itatoka mahali asipokuwepo.

Sumaku ya kupingana

Njia maarufu zaidi ni kugandisha pete ya pili ya feraiti nyuma ya spika, ikiipinga ile ya kwanza. Nguvu zinazotoka nje za sumaku hizo mbili zina mielekeo kinyume, hivyo hupunguzana. Pete hupatikana kwa mafundi, kwenye spika zilizoungua koili, na inafaa iwe na kipenyo kinachokaribiana na cha ile ya spika au pungufu kidogo.

Kila kitu hutegemea upande. Sumaku ya pili lazima isukumane na ya kwanza. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: ukiileta karibu sana, inaweza kuacha kusukumana na kunata, kwa kuwa inavutwa na pleti ya chuma iliyo kati yao. Mtu anadhani amekosea, anaigeuza, na sasa sumaku mbili zinasaidiana. Uvujaji unaongezeka badala ya kupungua. Amua upande ukiwa bado mbali, sentimita kadhaa, uweke alama kwa chaki, kisha usiigeuze tena hata ikinata. Tumia gundi ya epoksi na jiriwa, maana gundi ya matone haihimili mtetemo wa miaka. Na vidole viwe mbali, kwa sababu pete mbili za feraiti zikikutana ghafla hubana na kuvunjika vipande vyenye makali.

Spika nyingine za besi zina tundu katikati ya pleti ya nyuma, la kupitisha hewa ya kupoza koili. Tundu la pete ya pili lilingane nalo. Likizibwa, koili itapata joto na hewa itapiga mluzi.

Nguvu ya njia hii ni kwamba inashughulikia uvujaji pale unapoanzia, kwa vifaa vya bei ya chini. Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba haimalizi kazi. Inapunguza sana, hasa upande wa nyuma, lakini mbele na ubavuni hubaki mabaki. Udhaifu wa pili hautajwi mara nyingi, nao unamhusu zaidi anayejali sauti: spika inabadilika. Sumaku ya pili husukuma nguvu kidogo zaidi ndani ya mwanya. Koili inadhibitiwa zaidi, sauti ya kati inapanda kidogo, na besi katika boksi lile lile inakuwa kavu zaidi. Kwa lugha ya vipimo vya Thiele na Small, vinavyoeleza tabia ya spika kwa ajili ya hesabu ya boksi, Qes na Qts hushuka, huku Fs na Vas zikibaki zilivyo kwa sababu uzito wa koni na ulaini wake havikuguswa. Mtu aliyekwisha kupiga hesabu ya boksi na urefu wa bomba la besi kwa vipimo vya karatasi ya kiwandani atakuwa na boksi la spika nyingine.

Kikombe cha chuma

Viwanda vinavyouza spika zenye kinga kwa kawaida haviishii kwenye sumaku ya pili. Huifunika yote kwa kikombe cha chuma cha kawaida, na ukiona spika yenye mgongo uliofunikwa kopo la chuma bila pete nyeusi kuonekana, ndiyo hiyo. Kikombe hukusanya mabaki na kuyarudisha ndani.

Kwa nini basi kikombe peke yake hakitoshi? Pleti ya mbele ya spika na pleti ya nyuma zina ncha tofauti za sumaku. Kikombe kilichokaa juu ya pleti ya nyuma, ukingo wake ukifika kwenye pleti ya mbele, kinaziunganisha ncha hizo mbili. Nguvu inapata njia ya mkato kupitia chuma na kuuacha mwanya ukiwa na njaa. Sauti inashuka, koili inakosa udhibiti, besi inakuwa ya mvumo. Sumaku ya kupingana ikiwepo katikati, uso wake wa nje una ncha ile ile ya pleti ya mbele. Sasa kikombe kinagusa ncha za aina moja kila upande na hakina cha kufupisha. Ndiyo sababu viwili hivi huenda pamoja, na ndiyo sababu aliyejaribu kimoja asihukumu vyote.

Unene nao una hesabu yake. Kopo la maziwa ya unga hushiba nguvu ya sumaku upesi, na chuma kikishashiba hakizuii ziada. Milimita 1.5 hadi 2 ni kiasi cha maana, na kipande cha bomba la chuma kilichochomelewa kitako kinaweza kufaa. Tatizo ni uzito, pamoja na kumpata fundi wa kukikata kwa kipimo. Fremu nyembamba ya spika ya bei rahisi iliyobeba pete mbili na kikombe hupinda ikidondoka mara moja tu, na koili inaanza kukwaruza.

Kulifunga boksi zima

Kutandika bati au bamba la chuma ndani ya boksi kunaonekana kuwa jambo la akili, na huleta nafuu kiasi, kwani uga unaofika kwenye ukuta wa boksi ni dhaifu kuliko ulio mgongoni mwa spika. Lakini gharama haiendani na faida. Bamba la milimita moja lina uzito wa takriban kilo nane kwa mita ya mraba. Upande mmoja tu ukitandikwa, nguvu huzunguka kwenye kingo. Bati jembamba lisilogandishwa sawasawa hulia besi inapopiga, na kelele hiyo ni mbaya kuliko doa. Mbele, spika ilipofungwa, pamebaki wazi.

Mu-metali, aloi yenye takriban asilimia 80 ya nikeli, hutajwa kama dawa ya mwisho. Ni kinga bora dhidi ya uga dhaifu, na maabara huitumia. Karibu na sumaku ya spika hushiba haraka kuliko chuma cha kawaida, ni ghali, na ikikunjwa au kugongwa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake mpaka ichomwe upya kwenye tanuri maalumu. Kwa fundi wa nyumbani haina nafasi.

Spika zilizozaliwa na kinga

Njia ninayoiona imesahaulika kuliko zote iko ndani ya TV mbovu. Spika za TV ya chogo zilitengenezwa kukaa sentimita chache kutoka kwenye tyubu, hivyo lazima ziwe na uvujaji mdogo. TV iliyokufa inaacha spika mbili zenye kinga ya kiwandani. Azichomoe fundi anayejua, kwani tyubu huweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya TV kuchomolewa ukutani. Ni ndogo, hazitoi besi, lakini spika ya kati haihitaji besi nyingi. Kwa maongezi, mbili kati ya hizo kwenye boksi dogo zinafanya kazi ya heshima.

Spika za alniko kutoka redio kuukuu ni chaguo la pili, ingawa alniko hupoteza nguvu kwa urahisi ikigongwa au ikitolewa kwenye chungu chake. Spika mpya za neodimi, sumaku iliyogunduliwa miaka ya 1980, nyingi zina sumaku ndogo ndani ya chungu cha chuma na huvuja kidogo. Ni nyepesi pia. Lakini bei iko juu, na neodimi ya kawaida huanza kudhoofika joto linapozidi nyuzi 80.

Pima kwanza

Simu nyingi zina kihisi cha dira, na programu za bure huonyesha nguvu ya uga kwa maikrotesla. Uga wa dunia ni kati ya 25 na 65 kutegemea mahali, na TV imetengenezwa kuishi ndani yake. Weka simu pale kioo kitakapokuwa, TV ikiwa haipo, soma namba, kisha leta spika mahali pake na usome tena. Badiliko la maikrotesla chache halitaonekana. Badiliko linalolingana na uga wa dunia wenyewe au kuuzidi, tegemea doa. Simu isiguse sumaku. Asiye na simu ya namna hiyo awashe TV kwenye picha nyeupe au nyekundu tupu, asogeze spika taratibu kutoka mita moja, na rangi ikianza kubadilika arudi nyuma na kutia alama sakafuni.

Mizani

Kwa spika za ubavuni na sabufa, umbali unashinda, na fedha ya kinga ingefaa zaidi kwenye mbao nzuri. Sabufa haina sababu ya kukaa karibu na TV, kwa kuwa sikio halitambui kirahisi besi ya chini inatoka wapi. Kwa spika ya kati, bora kutumia spika zilizozaliwa na kinga kuliko kuanza kuitibu isiyo nayo. Sumaku ya kupingana ninaipa nafasi ya tatu: inamfaa mwenye chumba kidogo na spika anazozipenda, aliye tayari kupima upya na kukata boksi baada ya kinga, kamwe si kabla. Kikombe kiongezwe pale tu mabaki yanapoonekana kwenye kioo. Alumini, mbao nene na mu-metali zitoke kwenye mjadala.

Mwenye TV bapa, iwe ya LCD, LED au plazma, hana haja ya lolote kati ya haya, kwani hakuna mwale wa elektroni unaosafiri kuelekea kwenye kioo chake. Asilipe ziada kwa spika iliyoandikwa "ina kinga ya sumaku".

Na aliyechagua sumaku ya pili afanye jaribio la TV akiwa ameifunga kwa mikanda tu, huku spika ikiwa mahali itakapokaa siku zote. Epoksi ikishakauka, pete hiyo haitoki bila kuvunjika.